Mgeni Mkutanoni: Hoja ya Ngũgĩ Juu ya Makerere, 1962

Mwezi wa Juni 1962 Chuo cha Makerere, Kampala, kilipokea mkutano wa waandishi wa Kiafrika waandikao kwa Kiingereza. Miongoni mwa waliohudhuria alikuwamo mwanafunzi wa chuo hicho, Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye wakati huo aliitwa James Ngugi. Katika kitabu chake Decolonising the Mind, kilichochapwa mwaka 1986, alitoa hoja nzito juu ya mkutano huo. Yeye, aliyekuwa amechapisha hadithi fupi mbili tu, alistahili kuingia. Shaaban Robert, mtunzi wa Kusadikika na vitabu vingine vingi vya mashairi na nathari, hakustahili, kwa kuwa aliandika kwa Kiswahili.

Hoja hiyo ni ya haki, tena yaweza kutiwa nguvu. Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki, ambayo Shaaban Robert alikuwa mjumbe wake, ilihamia Makerere mwaka 1952, ikakaa huko karibu miaka 10. Kiswahili basi kilikuwa jirani wa mkutano huo, lakini jirani asiyealikwa.

Hata hivyo hoja ina upungufu. Yapima hasara kwa heshima aliyonyimwa mzee; na Shaaban Robert, aliyefariki mwezi huo huo, hakuhitaji mkutano ili ajulikane. Faida aipatayo mgeni ni nyingine, na Ngũgĩ mwenyewe aieleza: alimpa Chinua Achebe mswada wa Weep Not, Child, naye Achebe akausoma. Riwaya hiyo ilichapwa mwaka 1964. Mwanafunzi alikuwa amepata msomaji aijuaye kazi ya kutunga riwaya, ambaye riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1958.

Kwa kipimo hicho, aliyepata hasara kubwa ni kijana wa rika lake Ngũgĩ aliyetunga kwa Kiswahili, mwenye mswada mkononi na asiye na wa kumkabidhi. Hoja haimtaji, wala si ajabu, maana kazi isiyosomwa na ajuaye aghalabu haimfikii mpiga chapa.

Mikutano ya Kiswahili ya siku hizi nayo ina milango yake, na wageni wake husimama mlangoni. Waiandaao yawapasa kuamua mapema ni nani atakayeusoma mswada wa mgeni, na lini.