Njia Iliyoukwepa Ukuta

Tarehe 25 Januari 2003, programu haribifu iitwayo Slammer, ambayo mwili wake mzima ulikuwa baiti 376 tu, ilienea katika intaneti kwa kasi isiyopata kuonekana, hata ndani ya dakika 10 kompyuta tisa katika kila kumi zilizoweza kudhurika zikawa zimekwisha ambukizwa. Nayo ilipita poti moja tu, yaani mlango mmoja wa mawasiliano ya kompyuta, nambari 1434. Miongoni mwa mahali ilipofika ni kituo cha nyuklia cha Davis-Besse, jimboni Ohio, Marekani, ilhali ukuta wa moto wa kituo hicho, yaani kinga ya mtandao wake (firewall), ulikwisha pangwa kuifunga poti hiyohiyo. Iliingiaje basi?

Ili kujibu, yatupasa kwanza kuzijua kuta zenyewe. Aina ya kwanza, iliyozuka mwishoni mwa miaka ya 1980, huchuja pakiti, yaani vipande vya data visafirivyo mtandaoni: hutazama anwani itokako, anwani iendako na poti, kisha huzipitia kanuni zake kutoka juu hadi chini, na kanuni ya kwanza iafikianayo na pakiti ndiyo ihukumuyo. Ni nyepesi, lakini haina kumbukumbu, hivyo pakiti ijidaiyo kuwa jibu yaweza kupita hata kama hapakuulizwa swali. Taksiri hiyo iliondolewa na aina ya pili, iliyoenezwa tangu 1994 na kampuni ya Check Point, ambayo huandika kila mazungumzo yaliyoanzishwa na kukataa jibu lisilo na asili. Ya tatu ni proksi, ambayo husimama mfano wa wakili baina ya pande mbili, ikalipokea ombi, ikayachungua yaliyomo, ndipo ikalipeleka kwa jina lake yenyewe. Ulinzi wake ni madhubuti, na gharama yake ni mwendo. Kuta za siku hizi hukusanya hila zote hizo pamoja.

Kwa Slammer, hata aina ya kwanza, iliyo dhaifu kuliko zote, ingalitosha. Lakini mtandao wa mkandarasi mmoja ulikuwa na waya uliofika kituoni pasipo kupitia ukutani, na kwa waya huo adui akaingia, akakuta seva isiyotiwa kiraka cha kuziba kasoro ya programu ambacho Microsoft ilikitoa tangu Julai 2002, na mfumo wa kuonyesha vipimo vya usalama ukalala kwa takriban saa tano. Salama ilikuwa kwamba kinu chenyewe kilikuwa kimezimwa tangu mwaka uliotangulia.

Kwa hiyo mwenye dhamana ya mtandao, kabla ya kuuliza anunue ukuta wa aina gani, sharti azihesabu njia zote ziingiazo kwake, za wageni na za wakandarasi kadhalika, azipitishe zote ukutani, na kanuni ya mwisho ya orodha yake iwe ni kukataa kila kisichoruhusiwa waziwazi.