Mganga Asiyechekesha

Steven Kanumba alizaliwa Shinyanga Januari 1984, akasoma Shule ya Msingi Bugoyi, akaanza sekondari Mwadui, kwenye mgodi wa almasi, kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Alikuwa mtoto wa kanisa. Lakini baada ya filamu yake ya Devil Kingdom, aliyocheza na Ramsey Nouah wa Nigeria, ulizagaa uvumi kwamba amejiunga na Freemason, na uvumi huo haukumwacha hata alipofariki Aprili 2012 akiwa na miaka 28. Hakuna aliyempa pole kwa misiba aliyoilia kwenye filamu zake, wala aliyempongeza kwa ndoa alizofunga humo. Ila alipogusa imani, watu wakaona hapo haigizi tena.

Kwao Kanumba, swali hilo la imani ya mwigizaji lina uzito ambao sijauona kwingine. Kuanzia mwaka 2007 hivi, watu wenye ualbino waliwindwa Mwanza, Shinyanga na eneo ambalo tangu 2012 ni Mkoa wa Geita, kwa sababu kuna waganga waliowaaminisha wachimbaji wa dhahabu na wavuvi kwamba viungo vyao huleta utajiri. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu 3 kunyongwa kwa kumuua mvulana mwenye ualbino, hukumu ya kwanza ya namna hiyo nchini. Na miaka mingi kabla ya hapo vikongwe wa Usukumani walikuwa wakikatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Sasa mpe kijana wa hapohapo kibuyu na kaniki, mwambie acheze mganga mbele ya watu wanaojua mganga halisi anakaa nyumba ya ngapi.

Vikundi vingi vya maigizo ya kuelimisha jamii humfanya mganga kichekesho. Anapakwa masizi, anavishwa manyoya, anatumbua macho, anaruka kama kaumwa na siafu. Watoto wanaangua kicheko, wakubwa wanapiga makofi, mgeni rasmi anashukuru. Siwalaumu waigizaji, mara nyingi wameambiwa wahakikishe hakuna atakayedhani wanaupigia debe uganga. Lakini mtazamaji anarudi nyumbani na imani yake salama salimini, maana mganga wake yeye haruki wala hatumbui macho. Kilichochekwa uwanjani hakimhusu.

Nimewahi kumwona mwigizaji aliyefanya kinyume kabisa. Lilikuwa onyesho la mchana, wilayani Geita, mahali ambapo mngurumo wa karasha zinazosaga mawe haukomi. Alivaa shati lililopigwa pasi na suruali ya kawaida. Mteja alipokaribia, yeye ndiye aliyetangulia kumwamkia, "Mwangaluka," kwa sauti ya mtu asiye na haraka, akasogeza kigoda ili mgeni akae kivulini na yeye mwenyewe abaki juani. Akauliza habari za watoto. Akauliza kama amekula. Dakika nzima ikapita bila neno lolote la dawa, na uwanja ukaanza kutulia, kwa sababu kila mtu pale alikuwa ameshatambua yuko kwa nani.

Kisha akapiga ramli. Usukumani mfumu, yaani mganga, husoma matumbo ya kuku, na kikundi kile hakikuwa na kuku wa kuchinja kila onyesho, hivyo alikuwa na kitambaa tu mikononi. Alikilaza juu ya ungo, akakifunua kwa vidole gumba viwili, taratibu, kama anayefungua kitu kinachoweza kuchanika. Aliinama. Akaguna kidogo, akageuza upande wa pili, akanyamaza. Uso wake ulionyesha huruma, na hapo ndipo nilipokiona kipaji chake. Alipotaja sharti hakusema mkono wala nywele. Alisema tu kwamba dhahabu ya mteja "inataka kitu cheupe", tena alisema akiwa ameinamisha macho, kana kwamba ni yeye anayeona haya kwa niaba ya mizimu. Jirani yangu, mchimbaji mwenye gambuti zilizoganda tope, hakucheka. Alikunja mikono kifuani, akatazama chini.

Baada ya onyesho nilimuuliza mwigizaji yule kama anaamini ramli. Akasema yeye ni Msabato na haamini hata chembe. Ila utotoni mama yake alipougua walizunguka kwa waganga, na yeye alikuwa akikaa pembeni akisubiri. Kilichobaki kichwani mwake ni ile sauti ya upole. Alisema kama mganga angekuwa mkali, mama asingerudi mara ya pili.

Kwa hiyo alichokuwa nacho ni kumbukumbu ya mahitaji. Alijua mtu mwenye shida anavyolainika akipokelewa vizuri, na jukwaani akautumia ujuzi huo. Denis Diderot, Mfaransa wa karne ya 18, aliwahi kuandika kwamba mwigizaji mkubwa ni yule asiyehisi kitu, anayetazama tu na kuiga kwa kichwa baridi. Kwa imani namkubalia. Kwa mahitaji simkubalii. Mikono ile haikuwa ya mtu asiyehisi kitu.

Na kuna jambo jingine linalonisumbua katika uhusika wa mganga: huenda mganga mwenyewe haamini. Kigoda, ukimya, macho yanayoinama kabla ya kutaja bei, vyote vinaweza kuwa vimefanyiwa mazoezi miaka na miaka. Anayemcheza basi anacheza mwigizaji mwenzake. Mwaka 2008 Vicky Ntetema, aliyekuwa mwandishi wa BBC, aliingia katika vilinge vya waganga Kanda ya Ziwa akijifanya mfanyabiashara anayesaka utajiri. Hakuwa na jukwaa wala taa wala mwenzake wa kumkumbusha maneno. Kosa moja la uso lingetosha kummaliza. Ilimpasa aonekane anaamini mbele ya watu ambao kazi yao ni kusoma nyuso. Taarifa yake iliitikisa nchi, vitisho vikamlazimu kujificha, na mwaka 2016 Marekani ikampa tuzo ya wanawake jasiri. Watu humsifu kwa ujasiri, na ni haki yake. Mimi namsifu pia kwa usanii, kwa sababu kuonyesha tamaa usiyokuwa nayo, mbele ya mtu anayefanya biashara ya tamaa, ni kazi ngumu kuliko kulia kwa glycerine mbele ya kamera.

Upande wa pili wa suala hili uko kwenye filamu ya White Shadow ya Noaz Deshe, iliyopigwa Tanzania na kushinda tuzo ya filamu ya kwanza ya mwongozaji katika tamasha la Venice mwaka 2013. Alias, kijana anayewindwa, amechezwa na Hamisi Bazili, ambaye naye ana ualbino. Hapo kuna kitu ambacho ustadi peke yake haununui. Mtu anayejua tangu utotoni jua linavyochoma ngozi yake na macho ya watu yanavyomfuata njiani haigizi anapogeuka kutazama nyuma. Sioni vibaya kumdai mwigizaji maisha yanayokaribia ya mhusika, hasa pale ambapo wenye maisha hayo wamezoea kusimuliwa na wengine. Kumdai imani za mhusika ni jambo jingine kabisa. Katika filamu hiyohiyo kuna wanaowinda, nao walichezwa na watu ambao tunamshukuru Mungu hawaamini walichokicheza.

Wengi waliosoma Kiswahili sekondari wamekutana na Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, tamthilia ya mwaka 1969 inayoonyesha jinsi swali hili la imani lilivyo gumu. Kinjeketile anatoka mtoni akiwa na maji ya kuzuia risasi, na anayaamini. Kisha anaanza kuyatilia shaka yeye mwenyewe, wakati watu wameshayabeba maneno yake kwenda vitani. Mwishoni Wajerumani wanamtaka akiri kwamba maji ni uongo, naye anakataa, kwa ajili ya wale watakaokuja baadaye. Anayeamini maji kikweli atalicheza vizuri tendo la kwanza na kupotea la mwisho. Asiyeamini kitu atapotea tangu mwanzo. Uhusika ule unataka mtu anayeweza kubeba uzito wa watu wanaomtegemea, na hilo shekhe anaweza, padri anaweza, na asiye na dini anaweza.

Narudi kwa yule mteja kwenye kigoda, kwa sababu vikundi vingi humpa nafasi hiyo mwigizaji mchanga, wakidhani kazi yake ni kusikiliza tu. Ningekuwa mwongozaji, ningempa aliye hodari kuliko wote. Mganga anaweza kuwa haamini; mteja ndiye mwenye imani nzima. Amechimba shimo miezi bila kuona hata chembe, mwamba ukikatika ovyo, na jirani yake hatua chache tu pembeni amekutana na dhahabu. Mkondo wa dhahabu hupinda chini ya ardhi kwa namna ambayo mtu mwenye sururu hawezi kuiona, na hakuna aliyewahi kumweleza. Mwigizaji hahitaji kuamini kiungo cha mtu ili ampate mtu huyu. Anahitaji kukumbuka mara aliyofanya kila kitu sawa na bado akapata mwingine.

Na mganga anapotaja kitu cheupe, mwigizaji huyo asiharakishe kukubali, wala asishtuke kama malaika. Amwache mchimbaji ahesabu kwanza: dizeli ya pampu aliyokopa, mama ntilie anayemdai wali wa wiki tatu, vijana wanaongoja mgawo wa mawe. Ahesabu kwa vidole, watu wote wa uwanjani wakimwona, kabla hajainua uso.