Mwali wa rubani na chimni ya Kitale

MAJUZI nililala Kitale kwa rafiki yangu, mwalimu mstaafu. Mji huo uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na anayeujua anaijua baridi yake ya Julai. Wengi hupambana nayo kwa jiko la makaa. Mwenyeji wangu ana hita ya gesi aliyotumiwa na mwanawe aliye ng'ambo, ile ya ukutani yenye bomba la kupeleka moshi nje. Tatizo ni kwamba ilikuwa ikizimika ovyo. Akanikabidhi kijitabu cha maelezo kilichofasiriwa kwa Kiswahili. "Wewe ndiwe mtu wa lugha. Hebu tusaidie."

Nikasoma: "Iwapo mwali wa rubani hautakaa, shikilia kitasa kwa sekunde 30."

Mwali ni ulimi wa moto, lakini pia ni msichana aliyevunja ungo akawekwa ndani. Rubani sote tunamjua, awe wa meli au wa ndege. Sasa huyu ni mwali gani wa rubani, na mbona hataki kukaa? Na kitasa kinatoka wapi ilhali hatufungi mlango? Waingereza huuita rubani ule moto mdogo unaowasha mkubwa, na wanaelewana. Kwetu jina hilo limetua likiwa bado na mizigo ya uwanja wa ndege.

Hayo ni ya kucheka. Lililonitia hofu ni agizo la ukurasa wa pili: "Hakikisha upenyo haujazuiwa." Mwenyeji wangu alikuwa amelitii. Alipangusa vumbi kwenye matundu ya mbele ya hita, akaridhika, na kwa wiki mbili akawa anaamka na maumivu ya kichwa. Kumbe kilichokusudiwa ni bomba la moshi! Kiswahili kina neno dohani, na limo kamusini. Mfasiri hakujisumbua kulitafuta.

Tukamwita fundi kutoka Bungoma. Hakugusa kijitabu. Aliinama, akawasha, akatazama. "Mwalimu, hii kamoto inazimwa na upepo inarudi kwa chimni. Na ona vile moto ni ya manjano. Hiyo inakuua polepole. Sisi tunataka buluu." Akapanda paa, akashuka na kiota cha ndege. Kisha akapangusa masizi kwenye kijiti cha chuma kilicho kando ya moto mdogo: kijiti kisiposikia joto, alisema, kinafunga gesi, na ndiyo maana kitufe hubonyezwa kwa muda kabla ya kuachiliwa.

Moto wa manjano ni dalili kwamba gesi haiungui sawasawa, na hapo ndipo hutoka kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Ile harufu tuijuayo hutiwa makusudi kwenye gesi ya mtungi ili uvujaji ugundulike. Anayengoja kunusa hatari ya dohani iliyoziba atangoja usingizini.

Najua wapo watakaomkosoa fundi kwa "kamoto" na "moto ya manjano". Sarufi yake si sanifu, nakubali. Lakini kwa sentensi nne alitufahamisha ambayo kijitabu kilishindwa kwa kurasa kumi na mbili. Ya mfasiri ilikuwa na upatanisho wa ngeli usio na dosari, na karibu imzike msomaji wake.

Nisimwonee, hata hivyo. Kuhusu uvujaji aliandika: "Paka maji ya sabuni kwenye maungio. Mapovu yakitokea, gesi inavuja. Usitumie kiberiti." Hapo sina la kuongeza. Ni wazi kwamba alikuwa akiona mkono, sabuni na mtungi, wala si maneno matupu.

Kabla ya kuondoka niliombwa niandike tangazo la kubandika juu ya hita. Niliandika: "Moto ukigeuka manjano, zima, fungua madirisha, toka nje. Usiwashe tena kabla chimni haijakaguliwa." Mwanzoni niliandika dohani. Mjukuu wa mwenyeji akauliza ni nini hiyo, nikafuta.