Kichomi na Wahakiki Wake

Diwani ya Kichomi ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapwa mjini Nairobi mwaka 1974, haikupokewa kama vipokewavyo vitabu vingine vya mashairi. Kwa desturi diwani mpya huulizwa ina tungo gani zilizokomaa na zipi zilizolegea. Hii iliulizwa kwanza kama ni diwani. Swali hilo likafanyiwa baraza kubwa magazetini, vyuoni na katika vyama vya washairi, na likaendelea miaka mingi. Kitabu cha Jumanne Mayoka kiliubeba mgogoro huo hata katika jina lake. Hasara yake ni kwamba watu walikuwa wakiligombania jina la shairi, na mashairi yenyewe yalikuwa yameachwa nje ya mlango.

Si haki, hata hivyo, kuwaona waliopinga kuwa ni watu wa kuhesabu silabi tu. Walikuwa na msingi. Kaluta Amri Abedi alikwisha kuzitia katika maandishi sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na kwake yeye shairi lilikuwa wimbo: kisichoimbika hakikustahili jina hilo. Vina na mizani havikuwa pambo lililobandikwa juu ya maneno. Vilikuwa njia ya kuyafanya maneno yakae kichwani mwa msikilizaji, pengine asiyejua kusoma, hata aweze kuyasema tena kesho yake kwa mwenziwe. Basi walipouliza ni kitu gani kitakachoyafunga maneno ya Kichomi pamoja ikiwa kamba hiyo imekatwa, waliuliza jambo la maana. Lilistahili kujibiwa.

Halikujibiwa. Watetezi wa diwani hiyo walijibu jambo jingine. Walisema kwamba mshairi ana haki ya kutumia lugha ya mazungumzo ya kila siku, kwamba fikra nzito hubanwa na vina, na kwamba ulimwengu umebadilika. Kezilahabi mwenyewe alilieleza badiliko hilo kuwa ni safari ya kutoka shairi liimbwalo kwenda shairi lisemwalo. M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1975, aliutia mgogoro katika mizani ya mapinduzi na ya wale wayapingao, na tangu hapo ikawa rahisi mno kumdhania mtu wa vina kuwa ni mtu wa ukale katika siasa vilevile. Dhana hiyo ilikuwa na shahidi wa kuikanusha karibu kabisa. Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla ilitoka mwaka 1973, mwaka mmoja tu kabla ya Kichomi. Ni tungo alizozitunga akiwa kifungoni nchini Kenya, alikotiwa kwa kuandika waraka wa kuipinga serikali, na tungo hizo zimeshika vina na mizani kwa uaminifu mkubwa. Umbo la kale halikumzuia kuasi. Wala umbo jipya, lenyewe peke yake, halimfanyi mtu kuwa mwanamapinduzi.

Pande zote mbili, basi, zilikubaliana bila kujua. Zilikubali kwamba sauti ya shairi imo katika vina, na kwa hiyo panapokosekana vina hapana sauti, pana fikra tu. Upande mmoja ulisikitika na wa pili ukafurahi. Ndiyo maana tahakiki nyingi za Kichomi zinasomeka kama tahakiki za insha: hapa mshairi asema juu ya uhuru, hapa juu ya kifo, hapa amechoshwa na wanasiasa. Yote ni kweli, lakini hayo yangeweza kusemwa juu ya hotuba.

Lugha ya Kiswahili yenyewe yaikataa dhana hiyo. Maneno yake, isipokuwa machache ya kuazimwa, huishia kwa irabu, na irabu ni tano tu. Kina cha mwisho ni bidhaa rahisi, na kila mtunzi mwenye haraka hukipata. Lakini upatanisho wa ngeli hutia mlio mwingine mwanzoni mwa maneno, nao haununuliwi wala haukwepeki. Anayesema “watu wale wawili walikuja wamechoka” hakukusudia kutunga, na bado sauti moja imemgongea mlango mara tano. Mshairi aliyeacha vina hakuuacha mlio. Amehama tu kutoka mwisho wa neno kwenda mwanzo wake, na kutoka hesabu ya silabi kwenda mahali pa kutua.

Hilo laonekana wazi katika “Dhamiri Yangu.” Msemaji amefungwa na dhamiri yake kama mbuzi aliyefungwa mtini, amekwisha kula majani yote ayafikiayo, na mengine ayaona mbele yake. Wahakiki wameifasiri sana sitiari hii, wengine kwa falsafa ya udhanaishi, wengine kwa hali ya msomi katika nchi iliyojifunza kusema kwa kauli moja. Lakini sikio lingesikia kwanza kwamba kituo chaanguka katikati ya mstari, ghafula, pale pasemwapo kuwa kamba ni fupi. Halafu neno hilo la kamba hurudiwa maneno mengine yakiwa yamekwisha, kana kwamba mnyama amefika mwisho wa mzunguko wake na shingo imevutwa nyuma. Hapo kuna mpango mkali kuliko mizani kumi na sita, maana mizani ingemlazimu mshairi kuendelea kutembea mpaka mwisho wa mstari, na mbuzi huyu hawezi.

Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu ya mwaka 1988, alifungua njia aliposhikilia kwamba shairi ni bahari moja tu miongoni mwa bahari nyingi za tungo za Waswahili. Laiti ubishi ungehamia hapo, jina lingekoma kuwa fimbo. Lakini kitabu kizima cha kuichunguza sauti katika ushairi wa Kezilahabi, cha Roberto Gaudioso, kilitoka mwaka 2019, miaka 45 baada ya Kichomi, nacho kwa Kiingereza. Mshairi alifariki Januari 2020. Madarasani, mwanafunzi aulizwaye juu ya Kichomi bado hujipatia alama kwa kuandika kwamba mashairi yake ni ya masivina, kisha huorodhesha dhamira. Na ni nadra mwalimu kumtaka asimame, alisome “Kisu Mkononi” kwa sauti, aseme ni wapi pumzi ilipomkatika na kwa nini.