Muulize Mwandishi: Mzigo Aliubeba Nani?

Anayeishi mbali na maduka ya vitabu hachagui kwa kupitia rafu. Humwagiza mtu anayekwenda mjini, kitabu kikaja na basi la jioni, na fedha iliyokinunua ingeweza kununua mbegu. Kwa hiyo kitabu kibaya kwetu ni hasara ya kweli, na kizuri huzunguka nyumba kwa nyumba mpaka jalada ling'oke. Nawaandikia wenzangu wa huku, wanaopenda historia na riwaya za zama zilizopita na wanaotaka kujua kipi kinastahili gharama yake.

Kipimo changu kikubwa ni kazi. Kila zama iliendeshwa na watu waliolima, waliopika, waliochota maji na waliobeba mizigo. Mwandishi aliyezichunguza zama hizo anawajua watu hao. Asiyezichunguza hutuletea wafalme, vita na mapenzi, na chakula hakijulikani kimetoka wapi. Hapo mkulima anaweza kumpima mwandishi yeyote bila shahada.

Kazi iwe na hatua zake

Kitabu ninachokitanguliza ni riwaya ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Kitereza aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe, na Kiswahili chake kikachapwa mwaka 1980. Alifariki mwaka uliofuata.

Mume na mke hawajapata mtoto. Wakwe wanamchukua binti yao, na Myombekere anatakiwa kupeleka pombe ya ndizi ili arudishiwe mkewe. Mwandishi mwingine angesema pombe ikatengenezwa, basi, akaendelea na safari. Kitereza anakukalisha hapo. Unaona ndizi zinavyoandaliwa, unaona mikono ya wengine ikihitajika. Kufikia siku ya kupeleka, umeelewa kwa nini wakwe walitaka pombe: kitu kinachohitaji msaada wa majirani kinathibitisha kwamba mume ana watu na anaheshimika. Maelezo ya kazi yamebeba maana ya kisa. Ukiona maelezo marefu ambayo ukiyaondoa hakuna kinachopungua, hayo ni mapambo.

Kitabu ni kirefu. Kisome polepole, wakati kazi za shamba zimepungua.

Historia ionyeshe ilivyojua

Kwa vitabu vya historia, chukua Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 kama jaribio. Fungua sura hiyo kwanza. Je, mwandishi anasema watu walipigana kwa sababu waliamini maji yatawalinda na risasi? Kama anaishia hapo, kifunge. Watu walikuwa wakilazimishwa na watawala wa Kijerumani kulima pamba katika mashamba ya pamoja huku mashamba yao wenyewe yakisubiri jembe. Kulikuwa na kodi, na kulikuwa na viboko. Kule Nandete, katika vilima vya Umatumbi, Julai 1905, kitendo cha kwanza kilikuwa kung'oa miche ya pamba. Mwandishi anayeanza na pamba ameelewa. Maji ya mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe yafuate katika maelezo yake, nayo yana uzito wake, kwa kuwa yaliwaunganisha watu wa makabila mengi.

Kisha tazama idadi ya waliokufa. Hesabu ya Wajerumani ilitaja watu 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyekusanya masimulizi ya wazee katika miaka ya 1960, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wakiuawa na njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Mwandishi mwaminifu hukuambia nani alihesabu na kwa nini hesabu hazilingani. Anayekupa namba moja bila kueleza ilikotoka hajakuheshimu.

Tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile (1969), isomwe pamoja na historia hiyo, isisomwe badala yake. Hussein mwenyewe alitahadharisha kwamba mhusika wake Kinjeketile ni wa kubuni. Anachokupa ni mzigo wa kiongozi ambaye neno lake limekwisha kumtoka na haliwezi kurudi.

Msafara usomwe kutoka pande zote

Hakuna kitabu kimoja kitakachokutosha kuhusu biashara ya pembe na watumwa. Soma vitatu. Kwanza, maisha ya Tippu Tip aliyoyasimulia mwenyewe: Kiswahili chake ni kikavu, cha mfanyabiashara anayekumbuka madeni na bei. Ni ushahidi wa thamani, lakini usomapo uliza kila mara wapagazi walikuwa nani na walikula nini. Pili, Uhuru wa Watumwa (1934) cha James Mbotela, kutoka jamii ya waliokombolewa huko Freretown, Mombasa. Anawasifu mno Waingereza, nawe uwe macho hapo; hata hivyo anawapa waliotekwa nafasi ambayo Tippu Tip hakuwapa.

Tatu, Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 na kufasiriwa na Ida Hadjivayanis. Msafara unaonekana kwa macho ya Yusuf, mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake. Hapa riwaya inafanya kazi ambayo kumbukumbu za tajiri haziwezi: inamfuata mtu ambaye katika daftari la biashara angekuwa mstari mmoja.

Kila mtu awe na sababu zake

Riwaya mbovu ya kihistoria inajua mapema nani atashinda, na wahusika wake huzungumza kama wamekwisha kusoma vitabu vya shule. Kuli ya Adam Shafi (1979) inaikwepa hatari hiyo. Inahusu mgomo wa wafanyakazi wa bandari ya Zanzibar wa mwaka 1948, lakini mhusika wake mkuu, Rashidi, hazaliwi kiongozi. Kazi ya kubeba mizigo ndiyo inayomfundisha.

Gamba la Nyoka ya Euphrase Kezilahabi (1979) inatugusa zaidi sisi wa vijijini, kwa kuwa inahusu kuhamishiwa vijiji vya Ujamaa. Isome pamoja na mzee aliyehamishwa wakati wa Operesheni Vijiji. Uliza kama woga wa wanakijiji ni wa kweli, na kama vijana wasomi wanasema walivyokuwa wakisema. Ubishi wenu utakuwa sehemu ya kitabu.

Uanzie wapi

Ukiwa na fedha ya kitabu kimoja tu, nunua Kuli: ni fupi na inamshika hata asiyezoea kusoma. Cha pili kiwe Peponi. Ukimkosa Kitereza dukani, muulize mwalimu mzee au maktaba ya mkoa.

Na unapomaliza kitabu chochote cha zama zilizopita, kabla hujamwazima jirani, taja watu watatu waliofanya kazi ndani yake na useme ni kazi gani. Ukiwataja bila kufikiri, mwazime kwa furaha. Ukishindwa, mwambie jirani atunze fedha yake, maana mwandishi huyo aliwasahau watu.