Fimbo ya Jigi Hupimwa kwa Ncha

Nimechoka kusikia fimbo ikisifiwa kwa sababu imepinda. Muuzaji huikunja dukani hadi ncha ikaribie mpini, wateja hupiga makofi, pesa zikatoka. Kupinda si sifa. Hata ufito wa mkandaa hupinda. Fimbo ya jigi husifiwa kwa jinsi inavyorudi.

Tumalize kwanza yasiyohitaji mjadala. Kwa anayeshusha jigi wima kutoka chomboni, kama tufanyavyo Mkondo wa Pemba, futi sita zinatosha. Ndefu kupita kiasi ni fimbo ya kurushia ufukweni. Gramu zilizoandikwa kwenye fimbo zilingane na jigi zako: mwenye jigi ya gramu 150 hana kazi na fimbo ya 60 hadi 120, hata iwe nyepesi namna gani. Pete ya kwanza iwe pana na isimame mbali na fimbo, maana uzi hutoka kwenye rili ya spiningi ukiwa na mizunguko. Pitisha pamba ndani ya kila pete. Ikinasa, pana ufa, na uzi wa kusuka utakatikia hapo siku utakapompata nguru mkubwa. Mpini uwe wa koki. Sponji si mpini.

Sasa jambo ambalo mgeni wa kazi hii halioni kamwe: muda ambao ncha huchukua kutulia. Shika fimbo, itikise mara moja, zuia mkono. Nzuri huyumba mara moja au mbili, ikanyamaza. Mbaya huendelea kutetemeka.

Samaki wengi huishika jigi inaposhuka. Ncha yatakiwa iinyanyue, kisha itulie, jigi ishuke kwa uzito wake yenyewe ikiyumbayumba. Ncha isiyotulia huivutavuta njiani, na mtetemo wake humficha chewa anapogusa. Unarudi pwani ukidai samaki hawakula. Norihiro Sato, Mjapani aliyeeneza uvuvi wa jigi wa polepole, aliijenga mbinu yake juu ya fimbo inayojinyoosha na kuinyanyua jigi yenyewe.

Nahodha mmoja mzee wa Shimoni huchagua fimbo akiwa amefumba macho. Huitikisa, huilaza juu ya kidole cha shahada, husubiri. Alikulia kwenye mshipi wa mkono, enzi ambazo changu alijulikana kidoleni kabla hajameza chambo. Watu wa vidole vile wanapungua, na maduka yamejaa wasomaji wa lebo.

Matapeli nao wanaijua ncha. Fimbo iliyovunjika hukatwa, hugundishwa pete mpya ya juu, ikauzwa kama nzima. Hiyo hutulia haraka kwa sababu imekakamaa, na wengi hunaswa hapo. Tazama pete: kwenye fimbo nzima mapengo hupungua kidogo kidogo kuelekea nchani. La mwisho likifupika ghafla, ujue imekatwa. Kisha itundikie jigi. Ncha nzima huinama kuupokea uzito, iliyokatwa haijali.

Nenda dukani na rili yako na jigi yako. Usilipie fimbo ambayo hujaitikisa kwa mkono wako, na muuzaji akikataa, mwachie fimbo yake.