Dhahiri na Batini ya Kazi ya Kalibu

Mtu atakaye kununua kazi ya mkono iliyokatwa kwa karatasi, kwa felti au kwa sponji, iwe ni kadi ya mwaliko wa harusi, au maua ya kutundikwa nyuma ya kiti cha bibi harusi usiku wa kupamba, au kijahazi cha kuchezea mtoto kilichokatwa katika kandambili kuukuu, na aanze kwa kuipindua. Uso wa kazi hufanywa kwa ajili ya macho ya mnunuzi, na kila fundi, hata aliye dhaifu wa ufundi, huutunza. Bali mgongo wake hubaki baina ya fundi na dhamiri yake, na huko ndiko yasomekako yote aliyoyaharakisha na yote aliyoyasubiri. Mwongozo huu, basi, unaitanguliza batini ya kazi mbele ya dhahiri yake.

Kanuni hii si ngeni katika Mji wa Kale wa Mombasa. Mjuzi wa kofia za viua huipindua kofia ndani nje kabla hajauliza bei, akatazama kama uzi uliozungushwa katika kila kitundu umekazwa sawasawa, kama mafundo yamezikwa yasiguse paji la mvaaji, na kama nakshi yasomeka upande wa ndani bila ya kuvurugika. Kofia isiyostahimili kupinduliwa hurudishwa mezani kwa adabu, pasipo maneno mengi. Sioni sababu ya kazi ya karatasi na sponji kupewa hukumu nyepesi kuliko hiyo, ati kwa kuwa malighafi yake ni rahisi.

Kalibu ninayoikusudia ni chuma chembamba chenye makali, kilichokunjwa kwa umbo linalotakiwa, kama nyota, jani, hilali au herufi, kikakandamizwa juu ya karatasi kwa mashine ndogo ya kuzungushwa kwa mkono hata umbo likatoka zima kwa mara moja. Wako wasemao kwamba chombo hiki kimeua ustadi, kwa kuwa mtoto na fundi mkuu hutoa nyota zilizo sawa. Siafikiani nao. Kalibu imemwondolea fundi taabu moja, nayo ni taabu ya kufuata mchoro kwa mkasi. Imemwachia taabu ya kuchagua malighafi, ya kuipanga kwa matabaka, ya kuiunganisha, na ya kujua wakati wa kuacha. Nyota hamsini zilizotoka katika kalibu moja zaweza kuwa sawa kabisa, ilhali kadi hamsini zilizofanywa kwa nyota hizo zisifanane kwa lolote, na tofauti hiyo ndiyo kazi ya fundi.

Tuanze na karatasi, ambayo katika kisiwa hiki ina adui asiyeonekana. Mombasa imezungukwa na maji ya chumvi, huku Kilindini na kule mkono wa bahari wa Tudor, na hewa yake ina unyevu mwaka mzima, hususa katika miezi ya masika, tangu Aprili mpaka Juni. Karatasi huunywa unyevu huo ikatanuka, nayo haitanuki sawa pande zote: nyuzi zake zimelala upande mmoja, na karatasi hutanuka zaidi kwa kukingamana na nyuzi kuliko kwa kuzifuata. Fundi asiyelijua jambo hili hugandisha tabaka juu ya tabaka bila ya kuangalia nyuzi zimelala wapi, na kadi yake, iliyokuwa imenyooka dukani, hujikunja usiku mmoja ikawa haisimami tena. Fundi ajuaye huikunja karatasi kidogo kwa urefu na kwa upana kabla ya kuikata, akahisi ni upande upi unaotii kwa wepesi, kwani ndio upande zilikolalia nyuzi, kisha akayalaza matabaka yote kwa mwelekeo mmoja. Mnunuzi naye aweza kulijaribu hilo hilo kwa vidole viwili. Na akiweza kungoja, na aombe kuona kadi iliyokwisha kukaa dukani wiki kadhaa, asihukumu kwa ile iliyotengenezwa asubuhi.

Uzito wa karatasi pia una hukumu yake. Karatasi ya kawaida ya kuandikia ina gramu 80 kwa mita moja ya mraba, nayo haifai kuwa shina la kadi, hata ikipambwa vipi. Shina linataka gramu 200 au zaidi, na maua yaliyo juu yake yaweza kuwa mepesi. Kadhalika itazame rangi pale palipokatwa: ikiwa ukingo ni mweupe ilhali uso ni mwekundu, rangi imepakwa juu tu, na kila mkunjo utapasuka ukaonyesha weupe; ikiwa rangi imepenya mpaka ndani, mkunjo utakuwa safi. Pitisha ukucha polepole ukingoni. Kalibu kali huacha ukingo laini. Kalibu iliyochoka huacha vinyweleo, na katika pembe za ndani za nyota, pale makali mawili yanapokutana, huacha mchaniko mdogo ambao fundi mvivu huufunika kwa pambo la kumeta. Ninapoona kumeta kumejazana katika pembe zote, mimi huyatafuta yaliyofichwa chini yake, na aghalabu huyapata.

Amma gundi, ndiyo itangazayo tabia ya fundi. Gundi nyeupe ya maji, ikipakwa kwa wingi, huilowesha karatasi ikafanya mawimbi ambayo hayanyooki tena. Ikipakwa haba, petali hufunguka kwa joto la alasiri. Uji wa unga ni gundi ya bei nafuu, lakini huwaalika mende na wadudu wengine, na katika nyumba za kale za Kibokoni au Ndia Kuu, zenye kuta nene na kabati za miti, wageni hao hawakawii kufika. Na lau ukaona pini ya stepla imefichwa nyuma ya ua, iweke kazi hiyo chini: hewa ya bahari itaila pini hiyo, na alama ya kutu itatokea mbele ya kadi kabla mwaka haujazunguka.

Felti haitaki maneno mengi, kwa kuwa pwani imeizoea zamani katika tarabushi, zile kofia nyekundu zenye kishada ambazo Uturuki ilizipiga marufuku mwaka 1925 na ambazo mababu waliendelea kuzivaa huku. Felti ya kweli ni sufu iliyogandamizwa kwa maji na joto bila ya kufumwa, na kwa hiyo ukingo wake ukikatwa hauchomoki uzi. Iliyojaa sokoni leo ni ya nyuzi za viwandani. Si haramu kuitumia, lakini isiuzwe kwa jina la sufu. Mwombe fundi kipande cha makombo ukichome: sufu hunuka kama nywele zilizoungua ikaacha jivu la kusagika, na ya viwandani huyeyuka ikawa tone gumu. Kisha isugue felti kwa kidole gumba mara nyingi; ikiota vidonge vya nyuzi mbele yako, itaota zaidi mikononi mwa mtoto. Katika kazi iliyoshonwa, mishono na iwe ya kadiri moja, na uzi usivutwe hata ukingo ukafanya mikunjo.

Sponji ndiyo inayonishughulisha zaidi, kwa sababu hapa pwani ina historia yake yenyewe. Watoto wa mwambao wametengeneza vijahazi kwa soli za kandambili zilizotupwa na bahari tangu kandambili zenyewe zilipoanza kuelea, wakakata omo na tezi kwa kisu cha jikoni, wakasimamisha mlingoti wa kijiti na tanga la mfuko wa plastiki. Mwaka 1997, katika kisiwa cha Kiwayu, kaskazini ya Lamu, mhifadhi wa bahari Julie Church aliona watoto wakitengeneza vitu vya kuchezea kwa kandambili zilizokusanyika ufukoni, akawahimiza kina mama wa huko kuzikusanya, kuziosha na kuzifanya bidhaa. Katika juhudi hizo ndimo ilimozaliwa kampuni ya Ocean Sole, ambayo wanyama wake wa rangi nyingi, ndovu na twiga na kasa, sasa huuzwa ng'ambo. Na mwaka 2018, huko Lamu, mafundi walioongozwa na Ali Skanda waliteremsha majini Flipflopi, jahazi la mita 9 lililoundwa kwa tani 10 hivi za plastiki iliyookotwa, likavikwa ubavuni vipande vya kandambili zipatazo 30,000. Mwaka uliofuata likasafiri kiasi cha kilomita 500 mpaka Unguja. Asemaye kwamba sponji ni takataka isiyoweza kubeba ustadi, jahazi hilo limekwisha kumjibu.

Lakini si kila kandambili iliyokatwa ni kazi njema. Sponji iliyopigwa na jua la ufuko hukauka ngozi yake ya juu ikawa kama chokaa, na fundi mwema huinyoa ngozi hiyo yote mpaka akafikia rangi hai, ilhali fundi wa haraka huipaka rangi juu yake. Ikwaruze kwa ukucha mahali pasipoonekana. Ikitoa unga, umekwisha kujua. Chumvi na mchanga visipooshwa vikatoka, gundi haishiki, na vipande huachana vyenyewe baada ya muda. Itazame, basi, mistari ya muungano baina ya rangi na rangi katika mwili wa mnyama wa sponji: mstari mwembamba, uliofungika tangu mwanzo hata mwisho, ni ushahidi kwamba gundi ya mafundi viatu ilipakwa pande zote mbili, ikaachwa mpaka isinate kidoleni, ndipo vipande vikakutanishwa; mstari wenye mianya, au wenye utando wa manjano uliofurika nje, ni ushahidi wa haraka.

Kuna alama nyingine ambayo wanunuzi wachache huijua. Kalibu ikikandamizwa juu ya sponji nene, sponji hubonyea kabla ya kukatika, kisha hurudi mahali pake, na kwa hiyo ukingo hutoka umeingia ndani katikati, haukusimama wima. Kadiri sponji inavyozidi unene ndivyo kasoro hii inavyozidi kuonekana. Weka kipande ubavu kwa ubavu na rula dhidi ya mwanga: ukiona mwanga unapenya katikati, kazi imetoka mashineni moja kwa moja ikaja dukani. Fundi mwenye heshima hukata matabaka membamba akayajenga, au huunyoosha ukingo kwa wembe mpya na msasa. Mwisho, bonyeza kwa kidole gumba kisha uachie. Sponji nzima hurudi, na iliyochoka hubaki na shimo.

Ukisharidhika na mgongo, ubavu na maungano, ndipo uitazame sura. Kwa hili sina mwalimu bora wa kukuelekeza kwake kuliko milango ya nakshi iliyobakia katika Mji wa Kale, tangu Ndia Kuu mpaka vichochoro vya karibu na Ngome ya Yesu. Simama mbele ya mmoja saa ya jua la upande, uangalie jinsi mchongaji alivyoacha uwanja mtupu kuzunguka ua lake ili kivuli kipate mahali pa kukaa. Kazi ya karatasi iliyoinuliwa kwa vipande vidogo vya sponji inataka busara hiyo hiyo: matabaka mawili au matatu yenye vivuli dhahiri yana hadhi kuliko matabaka saba yaliyosongamana. Rangi nazo zisishindane. Bibi harusi ana dhahabu yake na hina yake, na pambo lililo nyuma yake lisitake kutazamwa kuliko yeye.

Mwenye kutaka kulizoesha jicho lake asitosheke na maduka ya Barabara ya Biashara, ambako bidhaa ya mkono na ya kiwanda hulala rafu moja. Na avuke Daraja la Nyali aende Bombolulu, kwenye karakana zilizoanzishwa mwaka 1969 kwa ajili ya mafundi wenye ulemavu, ambako mgeni aweza kusimama karibu na afanyaye kazi, akatazama hatua ambazo dukani hazionekani.

Nina ombi moja kwa wenye maduka. Kazi nyingi za namna hii huuzwa bila ya jina, na hasa zile za kina mama wafanyao nyumbani, ambao mnunuzi hatawajua hata akitaka kuagiza tena. Andikeni nyuma ya kila kazi, kwa wino usiofutika, jina la aliyeifanya na mwezi alioimaliza, kwa idhini yake. Na wewe mnunuzi, ukiipindua kazi ukaikuta nyuma imenyooka, imefungika na ina jina, ilipie bei iliyotajwa.